Jumapili ya Milango Iliyofungwa

Watu wengi wameisifu Jumapili, na wengine wameilaumu, lakini ni wachache walioihakiki. Kusifu ni rahisi, na kulaumu ni rahisi zaidi. Kuhakiki ni kukaa na jambo, ukalitazama mbele na nyuma, ukauliza linamfaa nani na linamgharimu nani. Katika kurasa hizi nataka kuihakiki desturi moja ya mjini, ile ya kufunga maduka siku ya Jumapili, kama anavyoiona mtu anayekaa Mtawanya, huku Kibiti, ambaye kwake kwenda mjini ni safari ya kuagana na watu wa nyumbani.

Nianze na jina. Katika lugha yetu Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na Jumapili ni ya pili. Tunahesabu hivyo hadi Jumatano, ndipo tunapoikuta Alhamisi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni siku ya tano. Hivyo juma letu lina siku za tano mbili na halina ya sita. Hesabu hii inazunguka Ijumaa. Kwa majina haya Jumapili haina heshima ya pekee. Ni siku ya pili, siku ya kushika jembe. Heshima yake ilikuja baadaye, pamoja na kanisa, ofisi, shule na kengele. Sisemi kuwa kwa sababu hiyo haitufai. Mambo mengi yaliyokuja na meli tumeyafanya yetu. Nasema tu kwamba desturi iliyoingia kwa mlango wa ofisi yafaa iulizwe maswali, maana ofisi haikuwauliza watu wote walipotaka kupumzika.

Huku kwetu saa za kufunga duka zinajulikana. Ijumaa mchana mwenye duka huteremsha mlango, huenda msikitini, na sala ikiisha hurudi akafungua. Ndivyo ilivyoelekezwa katika sura ya Al-Jumua, kwamba adhana ikisikika watu waache biashara, na sala ikikamilika watawanyike katika ardhi watafute riziki. Mteja aliyefika saa saba hukaa barazani akangoja, wala haoni amedhulumiwa, kwa kuwa mwenye duka yuko mahali anapopajua, na atarudi kwa saa anayoijua.

Sasa nieleze jinsi Jumapili ya mjini ilivyonifundisha somo lake la kwanza.

Mwezi Januari mwaka 1994 binti yangu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyo mbali na mkoa wetu. Karatasi ya shule ilitaja godoro, tranka, shuka mbili, ndoo, jembe, fyekeo, sketi, na jozi ya viatu vyeusi vya kamba. Alitakiwa kufika shuleni Jumatatu kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa nimeuza nazi, na mnunuzi alikuwa ameniahidi fedha kati ya juma. Alilipa Jumamosi jioni. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa akingoja fedha kwa mwingine. Basi alfajiri ya Jumapili mimi na binti yangu tukapanda gari, tukafika Dar es Salaam karibu na saa sita mchana, tumejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

Tulikwenda moja kwa moja Kariakoo. Kila mtu wa pwani aliyewahi kununua kitu anaijua Kariakoo, hata kama hajui kwamba jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliopangishwa pale, vita vilevile vilivyoizamisha manowari ya Wajerumani, Königsberg, katika delta yetu ya Rufiji mwaka 1915. Soko lenyewe la ghorofa lilifunguliwa mwaka 1975. Lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, kwa mapaa yake ya zege yaliyofanana na miavuli iliyogeuzwa, ili yakusanye maji ya mvua. Nilimwahidi binti yangu kwamba atayaona mapaa hayo, na aliyaona. Tulichokikosa ni maduka. Mtaa wa Kongo, mtaa wa Mkunguni, hata mtaa unaoitwa Sikukuu, tulikuta milango ya chuma imeteremshwa, makufuli yamening'inia, na paka wamelala mahali pa wateja.

Lakini mitaa haikuwa kimya. Mbele ya milango ile iliyofungwa, juu ya baraza za wenye maduka, vijana walikuwa wametandaza maturubai na kupanga viatu, mashati, sufuria na madaftari. Kijana mmoja, kwa lafudhi yake ni mtu wa kusini kama sisi, alituamkia kwa adabu.

"Shikamoo, baba. Mtoto anakwenda shule?"

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje?"

"Januari hii, baba. Watu wote wa Jumapili wanakwenda shule."

Kauli hiyo sijaisahau. Watu wote wa Jumapili! Alikuwa ametuelewa kuliko tulivyojielewa. Wakazi wa mjini walikuwa wamenunua siku za kazi. Waliokuwa wakinunua Jumapili walikuwa watu kama mimi, waliotoka mbali, ambao siku yao haikuchaguliwa na wao wenyewe. Nilinunua viatu kwake kwa bei iliyozidi kidogo ile niliyoisikia kwa wenzangu, hakuna aliyenilazimisha. Binti alijaribu kiatu kimoja, cha kulia, kikamkaa vizuri, tukafungiwa jozi katika gazeti.

Alipofika shuleni ndipo alipofungua gazeti. Kiatu cha kulia kilikuwa namba 5, cha kushoto namba 6. Hakuniandikia. Alikijaza kile cha kushoto kwa kitambaa akakivaa muhula mzima, nami nikajua aliporudi likizo, nilipoona kidonda kisigino.

Niliporudi Kariakoo baadaye, siku ya kazi, nilikwenda kwenye baraza ile ile. Duka lilikuwa wazi, mwenyewe amekaa nyuma ya kaunta, na barazani hapakuwa na mtu. Nilipouliza habari za kijana wa Jumapili, mwenye duka alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za mvua ya mwaka uliopita. Alikuwa na haki. Siku za kazi baraza ni yake. Jumapili ni ya yeyote. Yule kijana hakuniibia, huenda naye aliuziwa mchanganyiko ule bila kujua. Ila bidhaa ya Jumapili haikuwa na anwani.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza ninaloliona katika desturi hii. Watu husema kwamba duka likifungwa Jumapili, biashara hulala. Si kweli. Haja hailali, na penye haja biashara haikosekani. Kinacholala ni dhamana: stakabadhi, mizani iliyokaguliwa, sura ya mtu unayeweza kumrudia kesho. Biashara yenyewe husogea hatua mbili mbele, kutoka dukani hadi barazani, na gharama ya hatua hizo mbili huilipa mtu aliyetoka mbali. Tajiri hana Jumapili ya namna hii, kwa kuwa ana Jumatatu.

Basi kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa "wafungue". Nilisema hivyo barazani, nikasema hivyo harusini, na laiti ningaliandika kitabu hiki mwaka 1995 mngalisoma insha ya hasira, yenye neno moja tu. Nashukuru sikuandika, kwa kuwa nilikuwa nimeona upande mmoja wa mlango.

Upande wa pili alinionyesha mpwa wangu. Dada yangu, aliyekaa hapa hapa Mtawanya, alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, naye alipata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa mjini. Sitalitaja duka wala mwenyewe. Alifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili, kila baada ya majuma mawili au matatu, alipanda gari la alfajiri, akafika kwa mama yake na mkate, sukari na dawa ya miguu. Walikula pamoja chakula cha mchana, akalala kidogo mkekani, na jioni akarudi. Dada yangu, Mwislamu asiyekosa sala, aliijua Jumapili ya kanisa kuliko majirani zake Wakristo. Tangu Ijumaa alianza kuuliza kama mchele upo.

Ikafika wakati duka lile likaanza kufunguliwa Jumapili. Wateja walifurahi, nami ningefurahi kama ningekuwa mmoja wao. Mpwa wangu hakuongezewa mshahara wala hakupewa siku nyingine. Aliambiwa tu kwamba hali ya biashara imebadilika. Ziara zake zikawa za Idi, kisha za mara moja kwa mwaka. Dada yangu aliendelea kuuliza habari za mchele kwa muda, halafu akaacha. Alipougua, tulimpelekea mwanawe habari Alhamisi. Aliomba ruhusa, akaambiwa asubiri Jumatatu kwa sababu Jumapili ina wateja wengi. Dada yangu alifariki Jumapili, kabla ya adhuhuri. Mwanawe aliwahi maziko, hilo tunashukuru. Aliponiona alisema, "Mjomba, nilikuwa napima kitambaa cha mtu." Hakusema zaidi, wala sikumuuliza.

Nilirudi nyumbani nikiikumbuka hasira yangu ya mwaka 1994. Nilikuwa nimeutaka mlango ufunguke, na mlango ukafunguka, ila sikuwahi kujiuliza ni nani atakayekuwa ameushikilia.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wamelihangaikia jambo hili, na si jambo jipya. Mwaka 321 mfalme wa Roma, Konstantino, alitoa amri kwamba siku ya Jua mahakimu na watu wa mijini wapumzike, na karakana zifungwe. Lakini amri hiyo hiyo iliwaruhusu wakulima wa mashambani waendelee na kazi zao, kwa sababu siku nzuri ya kupanda ikipita huenda isirudi. Tazama basi: sheria ya zamani kabisa ya kufunga Jumapili ilijua kwamba mtu wa shamba hapangi siku zake mwenyewe. Waliokuja baadaye waliichukua nusu ya kwanza, nusu ya pili wakaisahau. Mkulima alipewa ruhusa ya kulima siku hiyo, ila hakupewa mahali pa kununua.

Ujerumani iliitaja Jumapili katika katiba yake ya mwaka 1919 kuwa siku ya mapumziko inayolindwa na sheria, ikakichukua kifungu hicho katika katiba ya mwaka 1949. Na mwaka 2009 mahakama yao ya katiba ilisema mji wa Berlin umevuka mpaka kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne kabla ya Krismasi. England na Wales zilifuata njia nyingine: mwaka 1994, mwaka ule ule wa viatu vya binti yangu, sheria iliruhusu maduka makubwa yafunguliwe Jumapili kwa saa sita tu. Oman, waliko ndugu wengi wa watu wa pwani, iliacha mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa mwaka 2013, ikachukua Ijumaa na Jumamosi. Kumbe siku ya kupumzika huhamishika. Inayohamishwa kwa sababu ya mabenki yaweza pia kuhamishwa kwa sababu ya mama mgonjwa.

Na sisi je? Sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 haikumwacha mfanyakazi mikono mitupu. Inasema mtu asifanyishwe kazi zaidi ya siku 6 katika juma, wala zaidi ya saa 45 za kawaida. Apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika. Na akikubali kufanya kazi katika siku yake ya mapumziko alipwe mara mbili ya ujira wake wa saa. Kifungu hicho cha saa 24 hakilazimishi kwamba siku hiyo iwe Jumapili. Naona hapo pana hekima, kwani nchi yenye misikiti na makanisa mtaa mmoja haiwezi kumpangia kila mtu siku ile ile. Lakini haki isiyo na jina hupotea kirahisi. Jumapili ilipokuwa ya wote, mpwa wangu hakuhitaji kuisoma sheria. Kufuli mlangoni lilimsomea. Kufuli lilipoondolewa, alipaswa kuidai siku yake mwenyewe, mbele ya mtu anayemlipa, na kudai ni kazi nyingine isiyo na ujira. Hiki ndicho ambacho sisi wa "wafungue" hatukukiona: desturi ya kufunga, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa ukuta ambao mnyonge aliweza kuuegemea.

Je, tufunge au tufungue? Nafikiri swali limeulizwa vibaya, na nitasema kwa nini kwa mfano wa huku kwetu.

Watu wa delta hawana Jumapili katika safari zao. Wana bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mito midogo kati ya mikoko hupitika kwa mitumbwi ambayo siku za maji mafu ingekwama kwenye tope. Mwenye kamba wa kuuza, mwenye mchele, mwenye kutaka mafuta ya taa au chumvi, wote hupanga siku kwa maji. Ukifika Nyamisati maji yamekupwa, utakaa. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba bahari imemfungia. Sababu ni mbili. Ya kwanza, bahari hutangaza. Anayeujua mwezi anajua siku. Ya pili, haimpendelei mtu. Jahazi la tajiri na mtumbwi wa mvuvi hungoja pamoja.

Kufunga kwa haki, kwa hiyo, ni kufunga kunakojulikana mapema na kunakompumzisha kila mtu kwa zamu yake. Kufungua kwa haki ni kufungua ambako aliye ndani naye ana siku yake, imeandikwa, na haiombi kwa kunyenyekea. Mji unaweza kuwa na maduka yanayopokezana, hili Jumapili na lile Jumatano, na karatasi mlangoni inayosema ni lini na ni wapi pengine. Wauza dawa katika miji mingi wamezoea zamu za namna hiyo. Ningekuta karatasi kama hiyo mwaka 1994, ningejua pa kwenda.

Kuna aina ya tatu ya kufunga, ambayo sina budi kuitaja, maana sisi wa Kibiti tuliionja. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yale yaliyowapata viongozi wa vijiji, askari na raia katika Kibiti na Rufiji, pikipiki zilizuiwa kutembea usiku, na jua lilipoelekea kuzama tulifunga milango bila kuambiwa. Mlango wa namna hiyo haumpumzishi mtu. Nilikaa ndani nikisikiliza, nikajua kwamba kufuli lililofungwa na watu waliokubaliana kupumzika ni jambo la amani kubwa, na kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimeliona bila kulithamini. Tangu hapo siwezi tena kuicheka Jumapili ya mji uliotulia.

Mambo sasa yamegeuka. Soko lile la mapaa ya miavuli liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, siku ya Jumamosi, na mwaka huo huo wamachinga wakaondolewa kwenye baraza na kandokando ya barabara. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo. Mtu wa Mtawanya anaweza pia kuagiza viatu kwa simu, vikaja na basi. Binti yangu, ambaye sasa ana watoto wa kuwanunulia viatu, hufanya hivyo, na kila jozi ikifika huzipima namba zote mbili kabla ya kulipa.

Hivi karibuni nilikwenda mjini Jumapili kutafuta miwani. Duka lilikuwa wazi, na msichana aliyenihudumia alikuwa mwepesi na mpole. Miwani ilinikaa. Nilimuuliza hupumzika lini.

"Nikipata nafasi, babu," akasema, akicheka.

"Nafasi hiyo inakuja siku gani?"

Akaacha kucheka, akatazama upande wa chumba cha ndani alikokuwa tajiri wake, kisha akaniuliza kama nataka na kasha la kuhifadhia miwani.

Nililipa nikatoka. Safari nzima ya kurudi nilifikiri kwamba ningeweza kuuliza kwa sauti zaidi, tajiri akasikia. Mteja huuliza bei, huuliza ubora, huuliza kama kitu kinarudishwa kikiharibika, wala hakuna anayeona vibaya. Kuuliza siku ya mapumziko ya anayekuhudumia si utovu wa adabu kuliko hayo. Safari ijayo nitauliza, na nitamuuliza mwenye duka.